Miaka 33 Kabla ya Kura: Mwalimu Jean Augustine na Sisi Tulio Hapa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja alasiri, mwezi Februari, mbele ya mkutano wa familia zetu zinazozungumza Kiswahili hapa Etobicoke, magharibi ya Toronto. Wengi walikuwa zamu kazini na wameniomba niiandike, kwa hiyo naiweka nzima kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wetu, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Najua Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo baadhi yenu hulala, na kwa kuja kwenu nawashukuru kutoka moyoni.

Kabla sijasema lolote, naomba jambo moja. Kila aliyekuwa mwalimu, muuguzi, mhasibu, fundi mwenye cheti au karani kabla ya kupanda ndege kuja Kanada, na anyooshe mkono. Msione haya. Nahesabu mikono 19. Shusheni. Sasa wanyooshe mkono wale tu ambao leo, hapa, wanafanya kazi ile ile waliyosomea nyumbani. Ni minne.

Basi nimekuja kuwaeleza habari za mwanamke ambaye, kama angekuwa ukumbini humu mwishoni mwa mwaka 1960, mkono wake ungenyooka mara ya kwanza na ungebaki mapajani mara ya pili. Anaitwa Jean Augustine. Alizaliwa mwaka 1937 Grenada, kisiwa kidogo cha Karibiani kinachojulikana kwa kungumanga, zile zile tunazozitia kwenye biriani, akawa mwalimu kwao angali msichana. Mwaka 1960 alikuja Toronto, na hakuja kufundisha. Alikuja kuwa mfanyakazi wa ndani, kulea watoto wa watu wengine katika nyumba ya watu wengine. Mwaka 1993 alichaguliwa kuingia Bunge la Kanada, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo. Kati ya jiko lile na kiti kile ilipita miaka 33. Nawaomba mwikumbuke hesabu hiyo, kwa sababu hotuba yangu yote imo ndani yake.

Ndugu zangu, alikujaje? Kanada ya wakati ule haikutaka wahamiaji Weusi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 ilimruhusu ofisa amkatae mtu kwa sababu ya taifa lake au kabila lake, hata kwa hoja kwamba hataiweza hali ya hewa ya huku. Lakini familia zenye uwezo mijini zilikuwa zinatafuta wafanyakazi wa ndani na hazikuwapata. Ndipo mwaka 1955 serikali ikafungua mlango mwembamba: wanawake 100 wa mwanzo, 75 kutoka Jamaika na 25 kutoka Barbados, kisha visiwa vingine vikaongezwa, mpaka mpango ulipofungwa mwaka 1967 wakiwa wameupitia wanawake wapatao 3,000. Mwanamke alitakiwa asiwe na mume wala mtoto, awe amefika angalau darasa la nane, apimwe afya, na akubali kufanya kazi za ndani kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, yuko huru kutafuta kazi nyingine.

Mnaona kilichofanyika hapo? Kazi ya dada wa kazi ndiyo iliyogeuzwa kuwa tiketi, na walioikata tiketi hiyo, wengi wao, walikuwa walimu, makarani na wauguzi. Walijua wanachokifanya. Walikubali mwaka mmoja wa kuitwa kwa kengele ili wapate maisha yaliyobaki.

Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu jambo hili nalifahamu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifundisha darasa la nne Tanga kwa miaka tisa. Nilipofika huku, kazi niliyoipata ilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa kuwa sikuwa na daftari jingine, nililifungua daftari langu la maandalio ya masomo nililokuja nalo begini. Walimu mliomo humu mnalijua: safu ya muda, safu ya kazi za mwalimu, safu ya kazi za wanafunzi. Kwenye safu ya muda niliandika saa za zamu. Kwenye kazi za mwalimu niliandika nani nimemgeuza ubavu, nani nimembadilishia shuka. Kwenye kazi za wanafunzi niliandika nani amekula uji, nani amekataa, nani ameamka akimwita mama yake. Nilijaza kurasa 60 kwa namna hiyo. Sikuwa nimeacha ualimu, ndugu zangu. Ualimu ulikuwa umekosa darasa tu.

Na hivi ndivyo ninavyomwelewa Jean Augustine. Mwaka wake ulipokwisha, hakusema kwamba yaliyopita yamepita. Aliingia chuo cha ualimu cha Toronto, akamaliza mwaka 1963, akafundisha katika shule za msingi za Kikatoliki za jiji hili, baadaye akapata shahada ya kwanza na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Toronto, akafika kuwa mkuu wa shule. Hayo nayapitia haraka. Ni makubwa, lakini si ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo. Kilichonileta ni yale aliyoyafanya jioni, baada ya kengele ya mwisho, siku ambazo hakulipwa.

Mwaka 1967, Kanada ilipoadhimisha miaka 100, watu wa Karibiani wa Toronto waliamua kulizawadia jiji sherehe ya barabarani, yenye ngoma na mavazi ya kwao. Wengi wenu mmeiona, ndiyo Caribana. Katika kamati za mwanzo za sherehe hiyo, Jean Augustine alikuwepo kwenye kikao. Watu wa Grenada walipokutana kusaidiana kama tunavyokutana sisi, alikuwepo kwenye kikao. Wanawake Weusi wa nchi nzima walipounda baraza lao, alikuwepo kwenye kikao, na baadaye akawa rais wao wa kitaifa. Alikaa kwenye bodi ya Chuo Kikuu cha York na kwenye bodi ya hospitali ya watoto ya Toronto. Na kabla ya kugombea ubunge aliongoza bodi ya mamlaka ya nyumba za umma za jiji hili, zile ambazo baadhi yetu tulianzia maisha humo, ambako kila kikao kina habari za lifti mbovu, kunguni, na mama anayedaiwa kodi ya miezi miwili.

Alikuwepo kwenye kikao. Nalirudia kwa makusudi. Sisi tukisikia mtu ameingia bungeni tunafikiri kwanza habari za fedha, halafu za kujuana na wakubwa, halafu za kipaji cha kuzungumza. Nani kati yetu hufikiri kwanza juu ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili usiku, akisikiliza hoja ya lifti, huku kesho yake ana darasa la watoto 30?

Mwaka 1993 alisimama kwa tiketi ya chama cha Liberal katika jimbo la Etobicoke-Lakeshore, kusini ya hapa tulipo, kule Mimico, New Toronto na Long Branch, ambako tramu inafuata ufuko wa ziwa. Nitasema kweli yote: mwaka ule upepo wa Liberal ulivuma Ontario nzima, nacho chama hicho kilishinda viti 98 kati ya 99 vya mkoa huu. Kwa hiyo sitawaambia kwamba alishinda kwa juhudi zake peke yake. Lakini chama hakitafuti mgombea gizani. Upepo ulipovuma ulimkuta akiwa tayari ana miaka 33 ya kujulikana na watu, na wapiga kura wengi wa jimbo lile hawakuwa Weusi wala hawakutoka Karibiani. Walimchagua tena mwaka 1997, wakamchagua mwaka 2000, wakamchagua mwaka 2004. Mara nne! Upepo hauvumi mara nne.

Najua wapo wanaosema moyoni, na mmoja wenu aliniambia waziwazi wiki iliyopita, kwamba siasa ni mchezo mchafu na sisi wageni tukae mbali nao. Ninamheshimu aliyesema hivyo, maana wapo humu waliokimbia nchi zao kwa sababu ya siasa, na hofu yao hawakuiokota barabarani. Lakini niulize: kutokuwepo kwetu kumesafisha nini? Mkoa huu ulikuwa na sheria tangu mwaka 1850 iliyoruhusu shule za kutenga watoto Weusi. Haikufutwa miaka mia nyuma. Ilifutwa mwaka 1964, baada ya Leonard Braithwaite, aliyechaguliwa mwaka 1963 na watu wa Etobicoke hii hii kuwa Mweusi wa kwanza katika Bunge la Ontario, kusimama na kuuliza kwa nini maneno hayo bado yamo kitabuni. Shule ya mwisho ya namna hiyo katika Ontario ilifungwa mwaka 1965. Wakati huo Jean Augustine alikuwa tayari anafundisha Toronto. Sheria ilikaa miaka 114 ikimsubiri mtu mmoja mwenye haki ya kusema ndani ya chumba kile.

Sasa mwalimu akifika bungeni, hufanya nini? Huyu alifanya kazi ya mwalimu. Wanahistoria wa jamii ya Weusi wa Ontario walikuwa wamehangaika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kutaka Februari itambuliwe kuwa mwezi wa historia yao. Jiji la Toronto lilikubali mwaka 1979, lakini nchi ilikuwa bado. Walimwendea mbunge huyu mpya, naye akaibeba hoja hiyo mpaka Ottawa, akatembea kutoka ofisi hadi ofisi akiwaomba wabunge wa vyama vyote. Mwezi Desemba 1995 Bunge likaipitisha kwa kauli moja. Hakuna aliyepinga. Februari 1996 nchi nzima ikaanza kuadhimisha, na mwaka 2008 Seneti nayo ikaitambua kwa hoja ya Seneta Donald Oliver. Mkutano wetu huu wa leo, mwezi huu, umekaa juu ya hoja hiyo.

Kuna watu wanaodharau jambo la namna hii. Wanasema mwezi mmoja wa historia haulipi kodi ya nyumba. Mimi niliwahi kufikiri hivyo. Nilibadilika kwa sababu ya mtoto mmoja.

Nilipopata darasa hatimaye, nilikuwa na mvulana wa miaka 10 aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia kutoka Kongo. Alikuwa anakosa shule mara kwa mara. Nilipouliza, nikaambiwa anakwenda na mama yake hospitali, benki, na ofisi za serikali, kwa sababu yeye ndiye anayejua Kiingereza nyumbani. Alikuwa akiona aibu sana juu ya hilo. Februari ilipofika niliwafundisha kwamba mmoja wa Weusi wa mwanzo kabisa kutajwa katika kumbukumbu za nchi hii ni Mathieu da Costa, mtu huru aliyeajiriwa na Wafaransa mwanzoni mwa miaka ya 1600 awe mkalimani wa safari zao za pande hizi. Nikawaeleza pia watu Weusi wapatao 3,000 walioletwa Nova Scotia mwaka 1783, baada ya vita vya uhuru vya Marekani, wengi wao wakajenga makazi yao Birchtown. Yule mvulana hakusikia tena habari za Birchtown. Alinyoosha mkono akauliza, “Mwalimu, mkalimani alikuwa analipwa?” Nikamwambia ndiyo, alikuwa na mkataba na mshahara. Akanyamaza, akainamisha kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Jioni nilipokusanya madaftari nikakuta ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: KAZI YANGU NI MKALIMANI.

Mama yake amekaa humu ukumbini, na amenipa ruhusa kulisema hili. Mniambie sasa kwamba hoja ile ilikuwa ya maneno matupu.

Hoja nyingine aliyoisimamia hunifikirisha zaidi. Katika viwanja vya Bunge kule Ottawa, sanamu zilizoruhusiwa zilikuwa za wafalme na malkia, mawaziri wakuu waliokwisha kufariki, na waasisi wa shirikisho. Yeye ndiye aliyepata kibali cha Bunge, tena kwa kauli moja, ili ziwekwe sanamu za wanawake watano wa Alberta walioshinda kesi ya mwaka 1929 iliyoamua kwamba mwanamke naye ni mtu mbele ya sheria na anaweza kuingia Seneti. Zilizinduliwa mwaka 2000. Sasa sikilizeni: baadhi ya wanawake wale, hasa Emily Murphy, waliandika maneno mabaya sana juu ya wahamiaji na watu wasio Wazungu. Mwanamke Mweusi, mhamiaji, aliyeingia nchini kama mfanyakazi wa ndani, ndiye aliyewapigania wapate mahali pao. Nadhani alifanya sawa. Aliona haki waliyoifungua ni pana kuliko wao wenyewe, na kwamba yeye alikuwa amepita katika mlango huo huo. Mnaweza kutokubaliana nami, na baada ya chai nitapenda kuwasikia.

Mwaka 2002 aliingia katika serikali, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kufika huko, akishughulikia masuala ya tamaduni mbalimbali na ya wanawake, na mwisho wa mwaka 2003 akawa Waziri wa Nchi. Hakugombea tena katika uchaguzi wa Januari 2006. Angeweza kupumzika, maana alikuwa anakaribia miaka 70.

Lakini mwaka 2007 Ontario ilianzisha ofisi ya kamishna wa kusimamia haki katika utoaji wa leseni za taaluma, yaani kuangalia kama vyombo vinavyowasajili wauguzi, wahandisi, wahasibu, walimu na wengine vinamtendea haki mtu aliyesomea nje, kwa utaratibu ulio wazi na usio na upendeleo. Kamishna wa kwanza alikuwa Jean Augustine, na alikaa hapo mpaka mwaka 2015. Mwalimu aliyepaswa kulea watoto wa watu kwanza ndipo aruhusiwe kushika chaki, miaka 47 baadaye ndiye aliyekuwa anawauliza wenye mihuri: kwa nini karatasi ya mtu huyu imekaa kwenu muda mrefu hivi?

Karatasi zangu mimi zilikaa katika ofisi moja miaka miwili na miezi minne. Waliniandikia kwamba chuo changu kitume muhtasari wa kila somo moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa. Chuo kikatuma. Wakaandika kwamba bahasha haikufika. Dada yangu akasafiri kutoka Tanga mpaka Korogwe mara tatu, kwa basi, kufuatilia muhuri mmoja. Sitaji jina la ofisi hiyo, kwa sababu sikuja kulipiza kisasi. Nataka tu mikono 15 iliyobaki chini leo ijue kwamba kero hiyo ilipewa sheria na ofisi na mtu wa kuulizwa, na haikupewa kwa sababu tulilalamika sebuleni kwetu.

Na msiseme hayo ni ya watu wa Karibiani, sisi ni wengine. Yasmin Ratansi alizaliwa Tanganyika, na mwaka 2004 akawa mwanamke Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kanada, kwa kura za watu wa Toronto hii. Arielle Kayabaga alizaliwa Burundi, akafika huku mtoto akiwa mkimbizi, akawa diwani wa jiji la London hapa Ontario mwaka 2018, na mwaka 2021 akawa mbunge. Kabla ya bunge, udiwani. Kabla ya udiwani, vikao.

Sisi vikao tunavijua. Tangu nifike hapa sijaona msiba wa mtu wetu uliokosa watu. Mtu akifariki usiku wa manane, asubuhi kamati imekaa, michango imeandikwa, mweka hazina amechaguliwa, kuna wa kwenda ubalozini na kuna wa kupika. Nani alitufundisha uongozi huo? Na kwa nini tunauamsha kwa maiti tu, kisha tunaulaza? Nalisema kwa uchungu, kwa sababu watoto wetu wako hai, na shule zao zina vikao ambavyo viti vyetu viko wazi.

Kila shule ya umma Ontario ina baraza la shule, na wazazi ndio wengi ndani yake. Huhitaji kuwa raia. Huhitaji kadi ya chama. Unahitaji kuwa na mtoto katika shule hiyo. Uchaguzi wake hufanyika ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa masomo, na mara nyingi wanaojitokeza ni wachache kuliko nafasi zenyewe. Mama mmoja aliniambia Kiingereza chake hakitoshi. Mama, mimi nilikaa vikao viwili bila kutamka neno. Cha tatu niliuliza kwa nini watoto waliofika karibuni wote wamewekwa meza moja nyuma ya darasa. Mwezi uliofuata meza ile haikuwepo.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa nane mchana, tutakutana humu humu kujiandaa, kabla shule hazijafunguliwa. Anayetoka zamu ya usiku aniambie nimfuate kwa gari. Kwenye meza ya mlangoni, karibu na chupa za chai, nimeweka daftari. Ni lile lile la maandalio ya masomo, kurasa zake za mwisho bado ni nyeupe. Kwenye safu ya muda andika saa unazotoka kazini, kwenye safu ya mwalimu andika jina lako, na kwenye safu ya mwanafunzi andika jina la mtoto na shule yake. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali msiikate.